Kodi Isiyorudi na Gharama ya Bidhaa Ghalani

Mfanyabiashara wa Basotu, wilayani Hanang, aliyezoea daftari la kaunta, akihamia programu ya uhasibu, hukutana mapema na swali ambalo daftari halikumwuliza kamwe. Daftari lilitaka kujua fedha kiasi gani zimetoka. Programu yataka kujua katika fedha hizo ni ngapi zilizokuwa bei na ngapi zilizokuwa kodi, na kodi hiyo iwekwe katika hesabu gani. Hapo ndipo fikra zinapotawanyika. Wako wasemao kwamba Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ni mali ya serikali na kwa hiyo haiwezi kuwa gharama ya bidhaa. Wako wasemao kwamba ni gharama, lakini ni gharama ya mwezi ule iliyolipwa, kama pango la duka. Na wako wasemao kwamba ni sehemu ya bei ya kununulia, na sharti ikae ghalani pamoja na bidhaa hadi siku itakapouzwa. Kila kauli ina watu wake, na kila moja huzaa faida tofauti katika vitabu vya duka lilelile. Madhumuni ya uchambuzi huu ni kubainisha chanzo cha hitilafu hizo, kuzipima hoja za kila upande, na kuonyesha ni njia ipi inayomfaa nani.

## Asili ya tatizo

Tanzania Bara ilianza kutoza VAT tarehe 1 Julai 1998, kwa kiwango cha asilimia 20, mahali pa kodi ya mauzo iliyotangulia. Kiwango cha kawaida kikashushwa kuwa asilimia 18 mwaka 2009, na sheria yenyewe ikaandikwa upya mwaka 2014 na kuanza kutumika Julai 2015. Msingi wake ni kwamba kila muuzaji aliyesajiliwa hutoza kodi katika mauzo yake, akatoa humo kodi aliyoilipa katika manunuzi yake, na kinachobaki akakiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa mtu huyo kodi ya manunuzi ni kama amana: leo ameitoa, na mwisho wa mwezi ameipata katika ritani yake. Haihesabiwi kuwa gharama, kwa kuwa kwa hakika haikumtoka.

Lakini mnyororo huo una mahali unapokatika. Kwanza, hukatika kwa asiyesajiliwa. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kilikuwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikakipandisha hadi milioni 200. Aliye chini ya kiwango hicho na hakujisajili hutozwa VAT na wauzaji wa jumla wa Arusha au Babati, na hana ritani ya kuidai. Pili, hukatika kwa muuzaji wa bidhaa zilizosamehewa. Mazao ya kilimo yasiyosindikwa yamesamehewa kodi, kwa hiyo mkulima wa ngano wa Basotu hatozi VAT anapouza. Walakini msamaha huo, ambao kwa wajihi wake ni neema, humnyima pia haki ya kurudishiwa kodi aliyoilipa yeye. Mbolea, mbegu na viuatilifu vimesamehewa, na hapo hana la kudai. Lakini kilimo cha nchi hii ya Hanang, tangu enzi ya mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, ni kilimo cha mitambo, na mitambo yataka mafuta ya kulainishia, matengenezo ya karakana, na malori pamoja na vipuri vyake: vitu ambavyo VAT yake humkalia mkulima shingoni. Tatu, hukatika nusunusu kwa aliyesajiliwa anayeuza bidhaa za namna mbili, zinazotozwa na zilizosamehewa, ambaye sheria humrudishia sehemu ya kodi na kumnyima sehemu.

Mabadiliko ya mwaka 2023 yaliongeza jambo ambalo wengi hawajalipa uzito wake. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 hulipa kodi ya mapato kwa makadirio yanayofuata kiasi cha mauzo, na kwake gharama ya bidhaa, iwe imeandikwa sawasawa au vibaya, haibadili kodi hiyo. Hudhuru tu maarifa yake ya faida. Aliye juu ya milioni 100 hutakiwa kutengeneza hesabu na kulipa kodi kwa faida. Basi kati ya milioni 100 na milioni 200 limezuka tabaka la wafanyabiashara wasiorudishiwa VAT na ambao, wakati huohuo, faida yao ndiyo inayotozwa. Kwa hao, swali la kuiweka wapi kodi isiyorudi limekwisha kuwa swali la fedha taslimu, si la mapambo ya vitabu.

Iko sababu nyingine ya mkanganyiko, nayo ni mwonekano wa risiti. Ushuru wa forodha uliolipwa bandarini Dar es Salaam kwa bidhaa ya nje ni kodi kama kodi nyingine, lakini ukifika Basotu umekwisha kuzama katika bei, na hakuna anayebisha kwamba ni gharama. Mnunuzi wa nafaka anayelipa ushuru wa mazao kwa halmashauri naye huujumlisha katika gharama ya gunia bila mjadala. VAT peke yake ndiyo yenye mstari wake katika risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi, EFD, na kwa kuwa imetengwa machoni, watu hudhani imetengwa pia katika maana.

## Kanuni za uhasibu

Tangu mwaka 2004 Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilipokubali viwango vya kimataifa vitumike nchini, jawabu la msingi limekuwa bayana. Kiwango cha IAS 2, kihusucho bidhaa ghalani, husema kwamba gharama ya ununuzi hujumuisha bei, ushuru wa kuingizia bidhaa na kodi nyinginezo, isipokuwa zile ambazo mnunuzi atarudishiwa na mamlaka ya kodi. Huongezwa usafirishaji na upakuzi, na hupunguzwa punguzo la bei. Viwango vya biashara ndogo na za kati vina kauli hiyohiyo.

Kwa hiyo kipimo si jina la kodi wala mstari wake katika risiti. Kipimo ni kurudi. Kodi moja, katika ankara moja, huwa amana kwa huyu na gharama kwa yule, kwa kadiri ya hali ya mnunuzi. Kadhalika kodi ya zuio, ambayo mnunuzi huikata katika malipo ya muuzaji, si gharama ya mnunuzi hata ikipita mikononi mwake, kwa sababu ni kodi ya muuzaji inayolipwa kwa niaba yake.

Hata hivyo kanuni hiyo ina mipaka ambayo Basotu haiwezi kuipuuza. Kwa ngano iliyovunwa, kiwango cha kilimo, IAS 41, huamuru zao lipimwe siku ya mavuno kwa thamani ya soko baada ya kutoa gharama za kuuzia, na thamani hiyo ndiyo huwa gharama yake inapoingia ghalani. Maana yake ni kwamba VAT iliyolipwa kwa matengenezo ya kombaini kabla ya mavuno haiingii katika gharama ya gunia, bali hubaki katika matumizi ya msimu. Ilhali VAT ya vitu vilivyonunuliwa ili viwekwe akiba, kama vile mapipa ya vilainishi, huingia katika gharama ya vitu hivyo hadi vitumike.

## Kauli ya kwanza: kodi si gharama

Tuchukue mfano ili hoja zipimwe kwa tarakimu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Basotu, asiyesajiliwa, ananunua Arusha mabati 50 kwa shilingi 20,000 kila moja kabla ya kodi, jumla 1,000,000. VAT ni 180,000. Mwenye lori, ambaye naye hajasajiliwa, anatoza 60,000 kuyafikisha kupitia Babati na Katesh. Fedha zilizotoka ni 1,240,000, sawa na 24,800 kwa kila bati. Hadi mwisho wa mwezi ameuza 20, na 30 yamebaki.

Wafuasi wa kauli ya kwanza huiweka ile 180,000 katika hesabu ya VAT, kama programu nyingi zinavyofanya zenyewe punde mtu anapochagua msimbo wa kodi. Ubora wa njia hii ni kwamba inalingana na mfumo wa aliyesajiliwa, na kwamba bei halisi ya muuzaji huonekana wazi. Ila yake ni kubwa kuliko ubora wake. Programu huionyesha 180,000 kuwa deni ambalo TRA inadaiwa, deni ambalo halipo wala halitakuwapo, na kila ununuzi mpya hulinenepesha. Tena gharama ya bati husomeka 21,200. Mwenye duka akiongeza faida ya asilimia 15 juu yake, atauza 24,380, yaani pungufu ya shilingi 420 kwa kila bati kuliko fedha zilizomtoka, na programu itamwonyesha faida ya 3,180. Hasara iliyovaa nguo ya faida ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa haimshtui mtu hadi mtaji umekwisha.

## Kauli ya pili: ni gharama ya mwezi

Wengine, wakikiri kwamba kodi hairudi, huipeleka nzima katika matumizi ya mwezi chini ya jina kama kodi isiyorudishwa. Njia hii ni nyepesi, haihitaji ufundi wa programu, huondoa lile deni la uwongo, na kwa mwaka mzima, ikiwa ghala huisha au hubaki na shehena ileile, faida hukaribia kuwa sahihi.

Lakini katika mfano wetu, mabati 30 yaliyobaki yataandikwa 636,000 badala ya 744,000. Shilingi 108,000 zimeondolewa katika faida ya mwezi ambao bidhaa zake hazijauzwa, na faida ya mwezi unaofuata itavimba kwa kiasi hichohicho. Kwa duka linalojaza ghala kabla ya msimu wa kujenga, au mnunuzi wa vipuri anayeweka akiba kabla ya kulima, hitilafu hiyo huwa kubwa kuliko faida ya mwezi wenyewe. Aidha, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 hutaka gharama ya bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka zisitolewe katika mapato ya mwaka huo. Kwa hiyo aliye katika lile tabaka la kati, akiitoa kodi yote mapema, hujiweka katika mashaka mbele ya mkaguzi. Na bei ya kuuzia bado hujengwa juu ya 21,200, hivi kwamba ugonjwa wa kauli ya kwanza haukutibiwa, umebadilishiwa jina tu.

## Kauli ya tatu: kodi iingie ghalani

Kauli ya tatu ndiyo inayokubaliana na kiwango, nayo huandika bati kwa 24,800. Pingamizi inayotolewa dhidi yake ni kwamba humfanya mwenye duka atoze faida juu ya kodi, na hivyo kumpandishia bei mwananchi. Pingamizi hiyo inastahili kupimwa kwa insafu. Kwa faida ya asilimia 15, atauza 28,520. Jirani yake wa Katesh aliyesajiliwa, kwa gharama zilezile, ataanza na 21,200, ataongeza asilimia 15 na kupata 24,380, kisha atatoza VAT na kumwambia mteja alipe takriban 28,768. Bei mbili hizo zimekaribiana mno, na tofauti ya shilingi 248 imetokana na nauli ya lori, ambayo kwa asiyesajiliwa haikuguswa na VAT, na kwa aliyesajiliwa imetozwa pamoja na faida yake mwishoni. Mwananchi, basi, hakuonewa. Ni kweli kwamba asiyesajiliwa amebaki na 3,720 kwa bati, na aliyesajiliwa 3,180. Lakini wa kwanza amefunga fedha zake katika kodi hadi bati litoke, na hana mahali pa kuzidai likiliwa na kutu.

Onyo moja lahitajika. Gharama iliyojumuisha kodi haina ruhusa ya kupita thamani ambayo bidhaa yaweza kuuzwa baada ya kutoa gharama za kuuzia. Soko likishuka, thamani ya ghala hushushwa, hata kama tone lililozidi ni kodi.

## Jinsi ya kuitekeleza katika programu

Kuikubali kauli ya tatu ni jambo moja; kuifanya programu iitii ni jambo jingine, na hapa njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kuandika bei pamoja na kodi bila kuweka msimbo wowote. Katika programu kama Manager, ambamo msimbo huitenga kodi na kuipeleka katika hesabu yake, asiyesajiliwa huacha safu hiyo tupu na kuandika bati kwa 23,600, kisha nauli huongezwa. Hakuna njia rahisi kuliko hii, wala yenye makosa machache. Upungufu wake ni kwamba kumbukumbu ya kodi hupotea: mwenye duka hawezi kujua kwa mwaka amelipa VAT kiasi gani, wala kupima kama kujisajili kwa hiari kungemfaa, wala kulinganisha upesi bei za muuzaji aliyesajiliwa na asiyesajiliwa.

Ya pili ni kutumia msimbo uliotengenezwa makusudi ili kodi isomeke katika ankara lakini thamani yake irudi katika bidhaa. Programu ya ERPNext humruhusu mtumiaji kuamua kodi ihesabiwe katika jumla ya ankara peke yake, katika thamani ya bidhaa peke yake, au katika zote mbili. Tally nayo huweza kuigawa gharama ya ziada kwa bidhaa za ankara kwa kufuata idadi au thamani. Njia hii hukusanya manufaa ya pande zote, kwa kuwa ankara hulingana na risiti ya EFD mstari kwa mstari, na ghala hubeba gharama kamili. Bei yake ni uangalifu: kugawa kwa idadi katika ankara yenye misumari na mabati pamoja huipa misumari kodi isiyo yake; na bidhaa ikirudishwa kwa muuzaji, sharti itoke ghalani kwa gharama iliyoingia nayo, la sivyo masalio ya kodi hubaki bila bidhaa.

Ya tatu ni kuandika kodi pembeni, kisha kuihamisha mwisho wa mwezi kwa ingizo la jumla. Wahasibu wengi huipenda kwa kuwa haiwagusi watu wa kaunta. Lakini ingizo hilo, katika programu nyingi, huongeza hesabu kuu ya ghala bila kugusa gharama ya kila bidhaa, na orodha ya ghala ikaacha kulingana na mizania. Fauka ya hayo, baadhi ya bidhaa zimekwisha kuuzwa kwa gharama pungufu, hivyo kiasi kinachohamishwa lazima kigawanywe: katika mfano wetu 72,000 ziende kwenye gharama ya mauzo na 108,000 kwenye ghala. Asiyefanya mgawanyo huo hupachika kodi yote juu ya bidhaa zilizobaki, na kuzifanya ghali kuliko zilivyo.

## Walio katikati

Ugumu hasa uko kwa aliyesajiliwa anayeuza vitu vya namna mbili, mathalani mwenye bohari anayeuza saruji na vilevile nafaka isiyosindikwa. Kodi ya manunuzi yanayohusu saruji peke yake hurudi nzima. Inayohusu nafaka peke yake hairudi. Na ile ya vitu vinavyotumikia pande zote hugawanywa kwa uwiano wa mauzo yanayotozwa kwa mauzo yote. Lakini uwiano hujulikana mwezi ukiisha, ilhali programu huitaka gharama siku bidhaa inapopokelewa. Hakuna dawa kamili. Anayesubiri uwiano hupata usahihi na kukosa bei ya kuuzia. Anayekadiria kwa uwiano wa nyuma hupata bei leo na kulazimika kurekebisha baadaye. Kwa kuwa mauzo ya nafaka hufuata mavuno, uwiano wa mwezi wa kuuza mahindi hauwezi kusema kitu juu ya mwezi wa kiangazi. Afadhali kadirio lichukue mwaka mzima kuliko mwezi uliopita.

Liko pia swali la aliyesajiliwa ambaye haki ya kurudishiwa ilimtoka kwa kukosa risiti ya EFD au kwa kuchelewa. Wengine huitia kodi hiyo katika gharama ya bidhaa kwa hoja kwamba hairudi tena. Hoja hiyo haina nguvu sana. Kodi ile kwa asili yake ilikuwa ya kurudi, na kilichoipoteza ni uzembe, si ununuzi. Na kwa kuwa kiwango chenyewe hakiruhusu upotevu usio wa kawaida uingizwe ghalani, insafu ni kuiandika kuwa hasara ya kipindi, ili mwenye biashara aione na kuikomesha, badala ya kuizika ndani ya bei.

## Kuzipima kauli

Tukiziweka kauli zote katika mizani, ya kwanza ni sahihi kwa aliyesajiliwa ambaye kodi humrudia, na ni hatari kwa mwingine yeyote. Ya pili yaweza kustahimiliwa pale kodi ilipo ndogo, au kwa vitu vinavyotumika papo hapo bila kuwekwa ghalani, kama karatasi za ofisi; haifai kwa bidhaa za kuuza. Ya tatu ndiyo yenye haki, na hitilafu iliyobaki ni ya namna ya kuitekeleza tu.

Kwa duka dogo lililo chini ya milioni 100, kuandika bei pamoja na kodi kunatosha, kwa sharti risiti zihifadhiwe, maana kwake jambo kuu ni kutouza chini ya gharama. Kwa walio kati ya milioni 100 na 200, msimbo unaoirudisha kodi katika bidhaa unastahili taabu yake: faida yao hutozwa, na siku mauzo yatakapovuka kiwango watahitaji kujua ni kodi kiasi gani imelala ghalani. Kwa wanaouza vitu vya namna mbili, kadirio la mwaka, likifuatiwa na marekebisho yaliyogawanywa kati ya ghala na gharama ya mauzo, ndilo lililo karibu na ukweli. Na kwa mkulima wa ngano, akiba ya vifaa ibebe kodi yake, bali zao lipimwe kwa soko la siku ya mavuno.

## Hitimisho

Mkanganyiko huu haukuletwa na ugumu wa sheria, bali na mambo mawili yaliyokutana: risiti inayoitenga VAT machoni, na programu zinazoanza kwa kudhani kila mtumiaji amesajiliwa. Alhasili, swali la kuuliza kabla ya kuchagua msimbo wowote ni moja: je, fedha hii itarudi kwa huyu aliyeilipa? Ikiwa itarudi, iandikwe kuwa dai. Ikiwa haitarudi na imelipwa ili kupata bidhaa ya kuuza au ya akiba, ifuate bidhaa hiyo ghalani. Ikiwa ingerudi lakini imepotea kwa uzembe, iandikwe hasara. Na hali ya mnunuzi ikibadilika, kwa kusajiliwa au kwa kubadili anachouza, mpangilio wa programu ubadilishwe siku ileile, kwa kuwa programu hutii agizo la zamani kwa uaminifu uleule linapokuwa kweli na linapokuwa limepitwa na wakati.